Mwanangu anacheza ukonda kutwa nzima, wenzake wanasoma. Nimwache?

*“Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala. Mkubwa wangu wa kiume ana miaka 5 na miezi 3, yuko chekechea ya shule binafsi inayofundisha kwa Kiingereza. Mwalimu wake ananiita kila mara: hatulii kwenye kiti, hamalizi kunakili, herufi anazijua chache. Mtoto wa jirani wamepishana mwezi mmoja tu na tayari anasoma vitabu. Baba yake akasema samaki mkunje angali mbichi, tukamtafutia tuisheni, saa 10 hadi saa 12 jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa. Ikifika saa 10 analia kila siku. Akipata nafasi anafanya kitu kimoja: anapanga viti na ndoo uwani, anakuwa konda wa daladala. Anaita abiria, anagombana nao, anarudisha chenji ya vizibo. Mara nyingi yuko peke yake na anaongea peke yake kwa sauti, mpaka mpangaji mwenzangu akaniambia nimpeleke akaombewe. Bibi yake wa Tanga anasema mwacheni mtoto acheze. Nimechanganyikiwa. Nikimwacha acheze si atabaki nyuma darasa la kwanza? Na huko kuongea peke yake ni ugonjwa? Anaamka saa 11 alfajiri kuwahi basi la shule, analala saa 4 usiku, kwa hiyo muda wenyewe hautoshi, lazima nichague kimoja.”*

Marahaba, mama. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na kila mara nimesimama pale kwa konda anayerudisha chenji ya vizibo. Nitamrudia, maana sehemu kubwa ya jibu umeiandika mwenyewe hapo.

Nianze na hofu inayokunyima usingizi zaidi. Mtoto wa miaka 5 kuongea peke yake kwa sauti akiwa anacheza si ugonjwa, wala si jini. Watoto wengi wa kati ya miaka 3 na 7 hujisemesha hivyo. Mwanasaikolojia wa Kirusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, ndiye aliyelieleza jambo hili vizuri: maneno ambayo mtoto ameyasikia kwa wakubwa huanza kujiambia mwenyewe kwa sauti, ayatumie kuongoza mikono na miguu yake. Kadiri anavyokua sauti inashuka, inakuwa mnong'ono, mwisho inazama ndani na kuwa mawazo. Hata mimi na wewe tukipoteza funguo midomo inaanza kucheza: nilitoka sokoni, nikapita dukani, nikaweka mfuko hapa. Kesho kaa karibu na mlango umsikilize. Utamsikia akisema, “Twende, twende... subiri, huyu hajalipa.” Uwani hakuna abiria wa kusubiriwa. Ile “subiri” anajiambia yeye, na anaitii. Huyo ndiye mtoto ambaye shuleni wanasema hatulii.

Sasa tukae naye uwani kidogo. Anapanga viti viwili viwili na kuacha njia katikati, maana yake ana picha ya gari zima kichwani na anaitoa nje kwa viti na ndoo. Anaamua kizibo ni shilingi 500. Kwa mtu mzima huo ni utoto tu, lakini kukubali kwamba kitu hiki kinasimama badala ya kile ndio msingi wa kusoma. Herufi *a* haina mdomo wala koo, ni mchoro tu ambao watu tumekubaliana usimame badala ya sauti. Mtoto anayeweza kuishi nusu saa nzima ndani ya makubaliano ya kizibo na pesa ameshaelewa jambo ambalo hakuna daftari la kunakili linaloweza kumwelewesha.

Halafu kuna chenji. Abiria katoa vizibo vingapi, nauli vingapi, vinarudi vingapi. Halafu vituo: sitashangaa ukisikia Kwa Azizi Ali, Mtongani, Zakhem, Rangi Tatu, kwa mfuatano huohuo, kwa sababu konda akiruka kituo abiria watamjia juu. Halafu ugomvi wenyewe, ambao mimi naupenda kuliko yote. Anasema kwa sauti ya konda, anajijibu kwa sauti ya abiria. Kwa dakika moja inambidi aingie kwenye kichwa cha mtu anayetaka kitu tofauti na anachotaka yeye, aone ubishi kwa upande wa pili, kisha arudi upande wake. Siku atakaposoma hadithi na kuulizwa kwa nini sungura alimdanganya fisi, atatumia uwezo huohuo.

Nisikupambie mambo. Mwaka 2013 Angeline Lillard na wenzake wa Marekani walizipitia tafiti za miaka mingi kuhusu michezo ya kuigiza, wakakuta kwamba mengi tunayoyasifia hayana ushahidi mzito kama tunavyodai. Kwenye lugha, kusimulia hadithi na kuzituliza hisia kulikuwa na dalili za kuridhisha kiasi. Kwenye akili kwa jumla na ubunifu, ushahidi ulikuwa dhaifu. Kwa hiyo mtu akikwambia mchezo fulani unaongeza akili, hasa akiwa anauuza, mpite. Ninachokitetea hapa ni kidogo kuliko hicho, na nina hakika nacho zaidi: mchezo huru, yaani ule ambao mtoto ameuanzisha mwenyewe, anaupangia sheria mwenyewe na kuuacha anapotaka, ndio mahali anapofanyia mazoezi ya kujitawala. Na mwalimu wa darasa la kwanza anahitaji mtoto anayejitawala kuliko mtoto anayejua herufi zote 24.

Kwa nini mchezo ufanye kazi hiyo, na amri ya “tulia!” isiifanye? Miaka ya 1940, katika Muungano wa Kisovieti, mtafiti aliyeitwa Manuilenko aliwaomba watoto wadogo wasimame bila kutikisika. Walipoambiwa tu wasimame, walishindwa mapema. Walipopewa kazi ya ulinzi katika mchezo, askari anayelinda kiwanda, watoto walewale walisimama muda mrefu mara kadhaa. Miguu haikubadilika, kilichobadilika ni nani mwenye amri. Amri ya mwalimu inatoka nje, na mtoto anaitii kadiri macho ya mwalimu yanavyomwangalia. Sheria ya mchezo ameikubali mwenyewe, na akiivunja mchezo anaoupenda unakufa mikononi mwake. Kwa hiyo anaibeba hata pale asipoangaliwa.

Wewe na mimi tuliipitia shule hiyo kwenye kombolela. Mwenye zamu anafumba macho kando ya kopo na kuhesabu, huku kila kitu ndani yake kinamtaka achungulie. Aliyejificha nyuma ya pipa anang'atwa na siafu na anajizuia asipige kelele. Halafu anapima: nikitoka sasa nitawahi kulipiga kopo niwakomboe wenzangu, au nisubiri? Kujizuia, kukumbuka nani kajificha wapi, kubadili mpango ghafla. Uwezo huo wa aina tatu unaendeshwa na sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, na ndiyo sehemu inayochelewa kukomaa kuliko zote, mpaka mtu avuke miaka 20. Haikomai kwa kuhubiriwa. Inakomaa kwa kutumiwa, kidogo kidogo, mara maelfu, katika mambo ambayo mtoto anayajali.

Na mdako je? Sijui kama watoto wa Mbagala bado wanaucheza, ila huku kwetu nawaona. Msichana mmoja jirani yangu, wa miaka 7, alichimba kishimo kwenye mchanga chini ya mwarobaini, akatia mawe kumi. Anarusha jiwe moja juu, na kabla halijashuka anakuwa ameshayakumba yote nje na kulidaka. Anarusha tena, anayasukuma ndani na kubakisha moja. Raundi inayofuata anabakisha mawili, kisha matatu. Nilimtazama alipofika kwenye manne. Hakuwa na nafasi ya kuhesabu moja, mbili, tatu, maana jiwe lilikuwa hewani. Kiganja kiliijua nne kilivyoikuta. Hilo ndilo tunalolitafuta kwa jasho jingi katika somo la hesabu, mtoto aione nne kama kitu kizima, na aione kumi ikigawanyika kuwa nne na sita. Huyo mtoto alikuwa anatoa na kujumlisha kwa kasi ambayo sikuwahi kuipata ubaoni.

Ndiyo maana nasikitika nikisikia kwamba kujifunza kwa kucheza ni mambo ya Wazungu. Bibi wa Tanga hakuyasoma kwenye kitabu cha Mzungu. Pwani yetu yenyewe ina mfano mzuri: miaka ya 1980, Mombasa, wazazi Waislamu walitaka watoto wao waingie shule za msingi wakiwa tayari bila kupoteza dini yao, na kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan mwalimu Bi Swafiya Said akaanza kujenga chekechea ndani ya madrasa. Mpango huo ukafika Zanzibar na Uganda. Vifaa vilikuwa vifuu vya nazi, makombe ya pwani, vizibo, mchanga na makopo, vimepangwa kwenye pembe za chumba, na mtoto anachagua pembe yake. Hata Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaja haki ya kucheza na kupumzika pamoja na chakula, malazi na elimu katika mambo ambayo mzazi anawajibika kumpa mtoto.

Turudi kwenye kunakili, kwa sababu hapo kuna kosa ambalo na mimi nililifanya. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha chekechea niliwanakilisha watoto 1 mpaka 20 kila asubuhi. Kulikuwa na mvulana aliyeshika penseli kwa ngumi kama anashika mwiko, ulimi nje, anakandamiza mpaka karatasi inachanika. Nilimwandikia kwenye ripoti kwamba ni mvivu. Sikujua kwamba kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8, ambayo mtoto anapozaliwa yote ni gegedu laini, inageuka mfupa mmoja baada ya mwingine, na mtoto wa miaka 5 bado hajaikamilisha. Misuli midogo ya vidole nayo ilikuwa bado. Mkono wa namna hiyo haukazwi kwa penseli. Unakazwa kwa kufinyanga udongo, kuchota mchanga, kufungua vifuniko vya chupa, kumenya vitunguu saumu, kukanda unga wa chapati kando ya mama, kudaka mawe ya mdako. Nilipogundua hilo, mvulana yule alikuwa ameshahamishwa shule. Nimewaomba radhi wazazi wengine wengi tangu siku hiyo, yeye sikuwahi kumpata.

Mtoto wa jirani anasoma, na hilo ni jema, mpongeze. Watoto wanapishana sana katika umri wa kuanza kusoma, kama walivyopishana kuota meno. Je, anayechelewa anabaki nyuma moja kwa moja? Mtafiti Sebastian Suggate aliwafuatilia watoto wa New Zealand walioanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka 5 na wengine walioanza wakiwa na miaka 7. Kufikia kama miaka 11, tofauti ya kusoma kati yao ilikuwa imekwisha. Finland watoto huanza darasa la kwanza wakiwa na miaka 7. Hapa kwetu mtoto wa darasa la kwanza katika shule ya serikali hatarajiwi kuingia akisoma: tangu mtaala wa 2015, madarasa ya kwanza na la pili yamepewa hasa kazi ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini nikwambie na upande wa pili. Kama mnampeleka shule binafsi yenye usaili, na wengi wenu mnafanya hivyo, huko wanaweza kumpa karatasi mezani hata kama ni mapema mno. Shule ya aina hiyo ikimkataa mtoto wa miaka 6 kwa sababu ya herufi, mimi ningejiuliza mara mbili kama ndiyo ninayotaka kuilipia ada. Uamuzi ni wenu.

Wala sisemi acha herufi zije zenyewe. Hazitakuja. Mchezo huru haufundishi kwamba alama hii ni *ba*, hilo lazima mtu mzima amwonyeshe. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walikusanya tafiti 39 za watoto wa hadi miaka 8, wakalinganisha ufundishaji wa moja kwa moja na kile ninachokiita mchezo wa kuongozwa, ambapo mtoto anacheza na mtu mzima anaingiza swali au kitu kimoja kwa makusudi. Kwenye hesabu za mwanzo na maumbo, mchezo wa kuongozwa ulifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo chukua boksi la sabuni, likate, muulize konda wako daladala yake inakwenda wapi. Andika MBAGALA kwa herufi kubwa mbele yake, polepole, ukitamka *m-ba-ga-la*. Muulize ni zipi zinafanana. Ataziona zile *a* tatu mwenyewe. Kesho aandike KARIAKOO, hata kama K imepinduka. Mkatie tiketi, aandike namba za viti. Dakika 15 zinatosha, na akichoka mnaacha.

Fanya hayo kwa Kiswahili. Huenda mwanao anabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja: alama ambazo hajazizoea, katika lugha ambayo hajaizoea. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, *ba be bi bo bu* haibadiliki, na mtoto akishaelewa siri ya kuunganisha sauti katika lugha anayoota nayo ndoto, ataibeba mpaka kwenye Kiingereza. Usiku msomee hadithi, au umsimulie. Paukwa, naye aitike pakawa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuniuliza. Anaamka saa 11 alfajiri na kulala saa 4 usiku, hiyo ni saa 7 za usingizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, na wako ndiyo kwanza ameuvuka umri huo. Mtu mzima akikosa usingizi anasinzia. Mtoto mdogo akikosa usingizi mara nyingi anafanya kinyume chake: anahangaika, anapanda viti, anachokoza wenzake, analia kwa jambo dogo. Hapo naona maelezo yanayotosha ya nusu ya malalamiko ya mwalimu wake kabla hatujatafuta mengine. Kabla hujafikiria kumkazania zaidi, mpe usingizi kwa wiki 3, kisha umuulize mwalimu kama kuna tofauti.

Ndiyo maana nakushauri uiache tuisheni. Saa 2 kila siku, baada ya mtoto kuwa nje ya nyumba tangu kabla ya jua kuchomoza, zinakula mchezo na usingizi kwa pamoja, na kinachobaki ni mtoto anayejifunza kwamba kusoma ndiko kunakoliza. Mtoto aliyeyachukia maandishi akiwa na miaka 5 ni kazi ngumu kumrudisha, ngumu kuliko kumfundisha aliyechelewa. Akirudi kutoka shule ale, ajilaze kama anasinzia, kisha acheze nje mpaka magharibi, aoge, ale, umsimulie, na ikifika saa 2 usiku awe kitandani. Hapo anapata saa 9 za usiku na kausingizi ka alasiri. Dakika 15 za boksi ziwekeni popote humo ndani, baba au mama. Kwa hiyo, mama, huna sababu ya kuchagua kimoja. Tuisheni ndiyo iliyokuwa imekaa kwenye nafasi ya vyote viwili.

Na kile kilio cha saa 10 usikipite juujuu. Inawezekana kabisa ni uchovu. Lakini mtoto anayelia kila siku kabla ya kukutana na mtu fulani aulizwe, kwa utulivu, mkiwa wawili, wakati wa kuoga au wa kukanda chapati: huko tuisheni mnafanyaje? Ukikosea inakuwaje? Mnakaa wapi, na nani mwingine yupo? Usimtie maneno mdomoni, msikilize tu. Akitaja fimbo, au mlango uliofungwa, au jambo lolote lililokushtua, usimrudishe hata siku moja.

Baba yake na methali yake nawaheshimu wote wawili. Samaki akunjwe angali mbichi, ndiyo, na ninachokuomba umwambie ni kwamba anayekunjwa sasa hivi uwani ni samaki yuleyule. Mtoto anayekubali kuwa abiria leo ingawa anataka kuwa konda, kwa sababu jana alikuwa konda yeye, anakunjwa. Mwombe baba Jumapili moja apande hiyo daladala, atoe vizibo, alipe nauli pungufu kwa makusudi, aone atafanywa nini. Wababa wengi nimewaona wakibadilika kwenye kiti hicho kuliko kwenye mazungumzo nami.

Kwa mwalimu wake nenda mwenyewe, asubuhi au baada ya watoto kuondoka, na usiende kwa shari. Ana watoto wengi na wazazi wanaotaka kuona daftari limejaa, anabanwa kama wewe. Mweleze habari ya usingizi na kwamba mmebadilisha ratiba. Muulize watoto wanatoka nje mara ngapi kwa siku. Muombe kwa miezi 2 ampunguzie kunakili na badala yake ampe kazi za mikono. Na muulize mwanao anacheza na nani wakati wa mapumziko, jibu la swali hilo linanifunulia mengi kuliko alama za mtihani.

Nimeona umeandika kwamba mara nyingi yuko peke yake. Daladala bila abiria inakwenda, lakini ikipata abiria watatu wanaobishana kweli inakwenda mbali zaidi. Najua Mbagala, bodaboda zinapita milangoni na wenye nyumba wengine hawataki kelele za watoto. Ongea na mama mmoja au wawili mpeane zamu: leo watoto wako uwani kwangu nawatazama, kesho kwako. Yule msomaji wa jirani aje naye. Kaa mahali unapowaona, endelea na mchele wako, na wakigombana hesabu mpaka 20 kabla hujainuka, maana mara nyingi kufikia 15 wameshaafikiana. Inuka mara moja kama kuna damu, kisima, moto au barabara. Vitu vya dukani havihitajiki. Katuni kwenye simu si mbadala wa mchezo, maana humo sheria zote zimeshapangwa na mtu mwingine, naye anabaki kutazama.

Yapo mambo ambayo yangenifanya nikwambie usisubiri, mpeleke aonwe ana kwa ana. Kama mwanao hatungi sentensi ambazo mtu wa nje ya familia anazielewa. Kama akiitwa kwa nyuma hageuki, au anasogelea sana TV, maana masikio na macho yanapaswa kupimwa kabla ya kumwita mtoto mzito. Kama hajawahi kuigiza kitu chochote, anapanga tu vitu kwenye mstari au anazungusha gurudumu saa nzima na hataki watu. Kama kuna alichokuwa anakiweza, maneno au kutembea vizuri, na sasa hakiwezi. Kama anakodoa macho na kukatika ghafla katikati ya mchezo kwa sekunde kadhaa, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Kama anapojisemesha anaonekana kuogopa, anajibu sauti inayomtisha, na huwezi kumtoa hapo kwa kumwita jina. Kama alikuwa anacheza na ghafla ameacha kabisa, au mchezo wake umekuwa wa kuumiza na wa mambo ya kikubwa ambayo hakupaswa kuyajua. Kwa ulichoniandikia, konda wako simwoni katika hata moja kati ya haya, ila wewe ndiye unayemwona kila siku.

Pa kuanzia ni kliniki ya mtoto mliyozoea, na watawaelekeza hospitali ya rufaa ya mkoa ikihitajika. Kwa lile la mwisho, na kwa lolote litakalotokea kwenye mazungumzo ya tuisheni, piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata yako. Mpangaji mwenzio anayetaka kumwombea, mwache aombe, dua haimdhuru mtoto. Ila asimwambie mtoto kwamba ana kitu kibaya ndani yake, na hilo umkataze wewe mwenyewe, leo.

Niandikie baada ya hizo wiki 3 unieleze usingizi umekwendaje. Na jioni ukipita uwani akikudai nauli, kaa kiti cha nyuma, mpe vizibo vitano, mwambie unashukia Zakhem, na usishuke mpaka akurudishie chenji yako.